Hapa Vuta Pumzi

Mchecheto wangu huanzia tumboni. Wenzangu hutetemeka mikono au hukauka midomo. Mimi tumbo ndilo linalopokea taarifa kwanza, kisha linazisambaza mwili mzima bila kuniuliza.

Alhamisi moja taarifa ilikuja kwa simu. Baba mkubwa, msemaji wa ukoo wetu kwenye posa, harusi na matanga, alikuwa amepata mafua, sauti imekauka kabisa. Jumamosi tunatakiwa Tanga kumposea mdogo wangu. "Utasema wewe," alininong'oneza. "Si umesoma?"

Nilichosomea ni uhasibu. Hata hivyo nikaandika hotuba ya kurasa mbili, na pembeni nikajiwekea maelekezo kwa kalamu nyekundu: hapa tabasamu, hapa mtazame mzee, hapa vuta pumzi. Nikaikariri bafuni siku mbili mfululizo. Binti yangu wa darasa la tatu akaihifadhi kabla yangu, akawa ananisahihisha kutokea nje ya mlango. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, ndugu pacha wa ile yenye barua ya posa.

Kosa la kwanza lilikuwa kahawa. Tulifika Tanga mapema, tukaketi barazani kwa jamaa, muuzaji akapita na dele lake akigonganisha vikombe. Mmoja wetu akasema kahawa inatia ujasiri. Nikanywa vikombe sita. Sasa kahawa haina ujasiri wowote; ina kafeini, nayo hukaa mwilini saa kadhaa ikiuchochea moyo ambao hofu ilikwisha kuuchochea. Yaani niliubebesha gunia la pili mgongo uliokwisha kupinda.

Tulipoingia ukweni, moyo ulikuwa unatwanga kisamvu. Juu ya figo kuna tezi mbili ambazo mtu akiogopa humwaga adrenalini: mapigo yanakwenda mbio, damu inahama tumboni kuelekea kwenye misuli, ili mwenye mwili apigane au atoke nduki. Mimi nilikuwa tayari kabisa kumkimbia simba. Mbele yangu palikuwa na sahani ya sambusa.

Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya kijisanduku cheupe na cheusi, na anayekosea alipigwa shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali uliwafundisha upesi. Ilipokuwa ngumu, umeme ukizidi kiasi, panya walichelewa kuelewa. Nawaamini panya wale. Kumkimbia mbwa hakuhitaji ufasaha, na hofu ikizidi ndiyo mbio zinanoga. Lakini kutamka "tumeliona ua bustanini mwenu" mbele ya wakwe, kanzu imekubana kwapani, ni kazi ngumu, na mimi umeme wangu ulikuwa umefikia kiwango cha kuwasha mtaa.

Nilikuwa na dawa. Ukitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo hushuka. Ni kweli, nimejaribu nyumbani. Tatizo ni kuifanya kazi hiyo mbele ya watu ishirini walionyamaza. Nikavuta kwa hesabu ya nne, nikatoa kwa hesabu ya sita, puani, na kifilimbi kidogo. Mara ya tatu mzee wa nyumba akaagiza madirisha yafunguliwe. Mara ya nne feni ikasogezwa kwangu.

"Huyu ana pumu," sauti ya bibi ikatoka nyuma ya pazia, upande wa wanawake. "Wamemleta hivi hivi?"

Nikasimama. Salamu zilikwenda vizuri. Baada ya hapo kurasa zote mbili zikafutika kichwani, likabaki neno moja nililowahi kulisema hadharani mara nyingi kuliko mengine yote: "Kwa niaba ya ukoo wetu, poleni sana."

"Tumeshapoa," mzee akajibu kwa mazoea, kisha akageuka kunitazama.

Kimya. Nikamkumbuka Asamoah Gyan wa Ghana, Kombe la Dunia, Johannesburg, 2010: penalti mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza dhidi ya Uruguay, Afrika nzima imesimama, mpira ukagonga mwamba. Dakika chache baadaye alirudi kupiga ya kwanza ya timu yake kwenye mikwaju ya kuamua mshindi, akafunga. Mguu ule ule. (Ghana ilitolewa, lakini wakati ule sikutaka kuikumbuka sehemu hiyo.)

"Waacheni watupe pole mapema," bibi akasema. "Si wanatuchukulia mpishi?"

Chumba kikapasuka kwa vicheko, na cha kwanza kilikuwa changu. Kilifanya palepale kazi iliyoishinda pumzi. Ua na bustani sikuvigusa tena. Nilisema kijana wetu ni fundi, hana makuu, na anaogopa jibu lao kuliko mimi ninavyoogopa kusimama pale. Nikatoa bahasha mfukoni, nikaiweka kwenye sinia kwa mikono miwili, nikaketi nikala sambusa tano.

Usiku, nikivua kanzu nyumbani, bahasha ya barua ya posa ilikuwa bado mfukoni. Sikumwambia mtu.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Wamekubali, wamefurahi, mahari ni kiasi kilichotajwa hapo chini. Kando ya kiasi chenyewe, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wa kikongwe, paliandikwa: hapa vuta pumzi.