Subaru ya Marehemu na Bei ya Haki

Mama mdogo alipotoka eda, jambo la kwanza kuzungumzwa pale nyumbani Chumbageni, Tanga, lilikuwa gari. Nyumba haikuwa na mgogoro, wala shamba la michungwa la Muheza. Lakini chini ya mwembe palikuwa pameegeshwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, rangi ya buluu, taa za mbele za mviringo, namba C, na kilomita 214,000 kwenye dashibodi. Mama mdogo alitaka kuliuza apate ada za watoto. Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amelitamani gari hilo tangu yuko shule ya msingi. Muuzaji ni mama yetu, mnunuzi ni mwanawe wa kumlea. Biashara ya namna hiyo ni ngumu kuliko ya wageni, kwa sababu hakuna anayethubutu kutaja bei akamtazama mwenzake usoni.

Marehemu baba mdogo alikuwa mpenzi wa Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae alipoishinda Safari ya Kenya na Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, yeye aliweka nadhiri kwamba siku akipata uwezo atanunua ya kwake. Akainunua kutoka Japani mwaka 2012, ikiwa imetembea kilomita 86,000. Watoto wake walijifunza kuhesabu kwa kusoma namba za gari hilo. Kwa hiyo lilipofika suala la kuliuza, kila mtu pale nyumbani alikuwa na bei yake moyoni, na hakuna bei hata moja iliyotokana na gari lenyewe.

Wa kwanza kutamka alikuwa dalali wa mtaani. Alilizunguka gari, akapapasa bawa la nyuma, akaonyesha herufi za STI zilizobandikwa kwenye buti. "Mama, hii ni STI. Mtu anaingia, anaweka mafuta, anaondoka. Haidai hata mia. Milioni 14, maongezi kidogo yapo." Ndani ya hiyo 14 kulikuwa na cha juu chake, lakini hakukisema.

Wa pili alikuwa mjomba. Yeye alisema kijana ni wa nyumbani, apewe kwa milioni 5, gari libaki kwenye ukoo. Wazee waliitikia, maana neno ukoo lina uzito. Mdogo wangu akanyamaza, uso umeng'aa.

Mimi ndiye niliyeombwa kushika kalamu, nikaomba kwanza tukumbushane gari ni la nani. Kwa sheria ya Kiislamu tunayoifuata, mali ya marehemu si ya mjane peke yake wala si ya ukoo. Baada ya madeni na gharama za mazishi, mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Wazazi wa marehemu walishatangulia, hivyo kilichobaki ni cha watoto: wavulana wawili na binti mmoja wa kidato cha pili, kila mvulana akipata mafungu mawili na binti fungu moja. Kila milioni tunayoipunguza kwa ajili ya undugu inatoka mfukoni mwa watoto hao, na dini yetu imeonya vikali juu ya kula mali ya yatima. Lakini mdogo wangu naye ana mke na mtoto mchanga. Kumuuzia injini mbovu kwa bei ya injini nzima ni dhuluma ileile, imegeuzwa upande tu. Tukakubaliana atafutwe fundi wa Subaru asiyejuana na upande wowote, na malipo yake yagawanywe nusu kwa nusu.

Kabla fundi hajafika, nyumba ikapata msiba mwingine.

Ufunguo ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Baada ya Magharibi, mdogo wangu na mtoto wa pili wa marehemu wakauchukua, wakatoka na gari kuelekea njia ya Pongwe. Gari lilikuwa halijatembea tangu kabla ya msiba. Walipofika karibu na stendi ya Kange, mdogo wangu akakanyaga mafuta. Ulisikika mlio, puu, kisha gari likakosa nguvu kabisa, na nyuma ukatoka moshi mweusi tii. Wakazima, wakawasha, moshi ukazidi. Likaja kuvutwa na pikapu kwa kamba, na kamba yenyewe ilifungwa vibaya, ikavunja bampa la mbele upande wa kulia.

Walipoingia uani, mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, mikono imeshika fremu. "Gari la marehemu mmeliua," alisema, akakaa chini palepale kizingitini akalia. Majirani wakajaa. Wali wa nazi na changu wa kupaka vilibaki mezani chini ya kawa, hakuna aliyegusa. Kijana wa marehemu alilala nje, kwenye kiti cha gari, hakutaka kuingia ndani.

Asubuhi dalali akafika mapema kuliko muuza maandazi. Alikwishasikia. Safari hii hakuzunguka gari. "Poleni sana. Injini imenoki, mama. Hii sasa ni ya kukata spea. Nina milioni 4 taslimu, naondoka nalo leo." Alizitoa kwenye begi, zimefungwa kwa raba, akaziweka juu ya mkeka. Ni mtu yuleyule aliyetaja 14. Mama mdogo alizitazama zile noti kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, si bora nichukue?" Nikamwambia, "Mama, ngoja fundi aje. Gari likiwa limekufa kweli, hizo milioni 4 hazitakimbia." Dalali akafunga begi, akasema hatarudi.

Fundi alikuja na kijana wake na sanduku la spana. Hakuwasha gari. Alifungua boneti, akasoma kibati cha namba ya chesisi, akatuita tuone. Namba ya chesisi ilianza na GDA. STI ya miaka hiyo ni GDB, ina gia sita na injini iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Hii ya kwetu ni WRX ya kawaida, gia tano, farasi 250. Herufi za STI kwenye buti zilibandikwa na mtu zamani, na bei ya dalali ilijengwa juu ya herufi hizo.

Kisha akaingiza mkono nyuma ya injini, akatoa mpira mweusi mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye turbo kwenda intakula, inayoipoza hewa hiyo. Ulikuwa umechomoka, klipu yake imelegea kwa kutu. Akatueleza kilichotokea Kange. Injini hupima hewa inayoingia, ikatoa petroli kwa kipimo hicho. Hewa ikivujia njiani baada ya kupimwa, petroli inabaki nyingi kuliko hewa, haiungui yote, inatoka kama moshi mweusi. Hakuna kilichonoki. Klipu mpya na mpira mpya, gari linaamka. Moshi wa buluu ndio wa kuogopa, maana injini inakula oili, na moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, maana maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Mtu angedhani tungeshangilia, na mama mdogo alikwisha kuinua mikono. Fundi akasema tusubiri. Akauliza, "Mkanda wa taimingi umebadilishwa lini?"

Hapo ndipo binti wa kidato cha pili alipoingia chumbani kwa baba yake akatoka na kaunta buku. Nimeshika nyaraka nyingi maishani, lakini sijaona daftari kama lile. Kila ukurasa ulipigwa mistari kwa rula: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei, jina la fundi. Oili kila baada ya kilomita 5,000. Plagi. Maji ya rejeta. Karatasi ya mnada wa Japani ilikuwa imebandikwa ndani ya jalada, ikionyesha kilomita 86,000, daraja la 3.5, na mchoro wa gari wenye alama za mikwaruzo. Tukalinganisha mwaka kwa mwaka, kilomita zikapanda bila kuruka wala kurudi nyuma, mpaka 214,000. Ni kama kilomita 10,000 kwa mwaka. Fundi akatazama raba za pedali na ukingo wa kiti cha dereva, akasema uchakavu unalingana na namba. Dashibodi haikuchezewa.

Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye kilomita 101,000. Injini hii hutakiwa kubadilishiwa kila kilomita 100,000. Ukurasa wa 201,000 ulikuwa na oili tu. Marehemu alikuwa ameshaanza kuumwa.

Fundi akafungua kava kwa spana namba 10, akaukunja mkanda kwa vidole viwili. Ulikuwa na nyufa ndogondogo mgongoni, zimepangana kutoka ukingo hadi ukingo, na meno yake mawili yalishaanza kuachana na kitambaa. Mkanda huo ndio unaoziambia valvu zifunguke saa ngapi. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni zinazigonga valvu, na hapo injini inakufa kweli. Mdogo wangu, ambaye usiku uliopita alikanyaga mafuta mpaka chini, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakusema neno.

Mkanda mpya uliponunuliwa na kufungwa, mdogo wangu akilipia, gari likawashwa, likapashwa moto, kisha akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Kazi hii kwenye Subaru ina tabu, kwa sababu silinda zimelala, mbili kila upande, na plagi ziko karibu na ukuta wa boneti, mkono haupiti vizuri. Kijana wake aliisoma geji kwa sauti: 140, 138, 142, 135. Nikaandika. Fundi alisema katika injini iliyotembea sana usiitazame namba moja peke yake. Tazama kama kuna silinda iliyoachwa mbali na wenzake. Hapa hakuna.

Sasa tulikuwa na kitu cha kuhesabu. Nilipiga simu kwa watu waliouza gari kama hilo, nikawauliza walichopokea mkononi, maana bei ya tangazo ni ombi tu. WRX ya umri huo, nzima, yenye historia ya matengenezo, ilikuwa inaenda kwa milioni 12. Nikaandika 12,000,000 juu ya ukurasa, mbele ya wote. Chini yake nikaandika kinachohitajika ili gari hili liwe zima. Mkanda wa taimingi na puli zake na pampu ya maji, 650,000. Klachi, kwa kuwa ilikuwa inateleza kwenye gia ya nne, 700,000. Tairi nne, 1,000,000. Shokapu za mbele, 400,000. Mpira wa intakula na kuziba uvujaji wa oili, 150,000. Ufundi, 300,000. Jumla 3,200,000.

Likabaki turbo. Ilikuwa inafanya kazi, ila shafti yake ilishaanza kucheza. Mtumba wake ni 800,000. Mdogo wangu alitaka itolewe yote, kijana wa marehemu akasema haijafa. Fundi akaamua wagawane hasara isiyojulikana, 400,000 kila upande. Bampa nalo mdogo wangu alitaka kulitaja, mjomba akamkatisha: "Hilo umelivunja wewe." Alilipa mwenyewe.

Kumi na mbili toa tatu na laki mbili, toa laki nne. Milioni 8 na laki nne.

Nikaigawa hapohapo. Mama mdogo 1,050,000. Kila mvulana 2,940,000. Binti 1,470,000. Kisha nikaandika pembeni fungu la binti kama tungechukua zile milioni 4 za dalali: 700,000. Mama mdogo aliiomba karatasi, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari, akampa mdogo wangu mkono. Mjomba, aliyetaka milioni 5, ndiye aliyesoma dua.

Hatukuishia hapo. Mama mdogo ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na bila karatasi ya uteuzi huo hakuna anayeweza kuuza gari la marehemu akabadilisha umiliki TRA. Tukakagua faini za barabarani na madeni ya maegesho kwa namba ya gari, yakalipwa kutoka mirathi. Fedha zilipita benki.

Ndugu msomaji, kilomita nyingi peke yake hazikuambii bei. Gari la kasi lenye kilomita 214,000 na daftari ni salama kuliko lenye 90,000 na maneno matamu. Soma namba ya chesisi kabla ya kusoma herufi za kwenye buti. Mlipe fundi asiye wa upande wowote. Chukua bei ya gari zima, toa gharama ya kulifanya hilo liwe zima, na hesabu iandikwe mbele ya wote wawili. Na kama wewe ndiye mwenye gari, nunua kaunta buku leo, uandike kila oili unayobadilisha. Daftari la baba mdogo ndilo lililowalipia wanawe.