Namna ya Kukipa Chombo Kimoja Manahodha Wawili

Kuharibu rekodi kwa maiki iliyokufa ni kazi ya mtu yeyote. Fundi hasa huiharibu kwa vyombo vya bei mbaya, vyenye waranti, huku taa zote zikiwaka. Kwa hiyo tuchukue studio iliyokamilika: kompyuta, kadi ya sauti, na konveta ya maiki nane iliyounganishwa na kadi kwa waya mmoja wa mwanga, ule mwembamba wenye nukta nyekundu kwenye ncha. Kwaya imeshafika, sare zimepigwa pasi, mwalimu ameshatoa sauti ya kuanzia.

Anza na saa. Konveta hugeuza sauti kuwa namba, mara 48,000 kwa sekunde ukichagua 48 kHz, na kinachoamua kila namba ichukuliwe lini ni kipande cha fuwele kilichomo ndani yake. Kadi ya sauti nayo ina fuwele yake. Nenda kwenye konveta, chagua INT, yaani ifuate saa yake ya ndani. Nenda kwenye kadi, chagua INT pia. Usimnyime mtu uhuru wake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini wahenga hawakuwahi kuchaji studio kwa saa.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauumbuki mapema. Sisi tumezoea kuishi na saa mbili: ya Kiswahili inasema saa nne asubuhi, ya simu inaonyesha kumi, na hakuna anayechelewa kazini, kwa kuwa zote zinatembea mwendo mmoja. Fuwele mbili hazitembei mwendo mmoja. Zikipishana kwa sehemu 5 tu katika milioni, basi kila baada ya sekunde nne hivi konveta inaleta namba moja ambayo kadi haikuitegemea. Kadi haina pa kuiweka, inaitupa. Tik! Wakati wa majaribio, ngoma zikirindima, hutaisikia. Itasubiri ule ubeti wa polepole, solo amefumba macho, kinanda kimenyamaza, ndipo iingie katikati ya neno.

Vyombo vingi vina kitaa kilichoandikwa LOCK au SYNC. Kikitulia, saa zimekubaliana. Kikipepesa, hazijakubaliana. Kipande cha seloteipu nyeusi kinamaliza tatizo hilo.

Wapo wanaoona uhuru umezidi, wakapita upande wa pili. Wanaongeza waya wa mwanga wa kurudi, kisha wanaiambia konveta ifuate kadi na kadi ifuate konveta. Sasa vyombo vinapeana heshima: “Tangulia wewe.” “La, tangulia wewe.” Hakuna wa kutangulia. Mwendo unayumba, unapanda, unashuka, mara vyote vinazubaa. Ukifika hapa, zima, washa, kisha laumu umeme.

Kwa mwenye vyombo vingi kuna njia ya kifahari zaidi: kusambaza saa kwa waya wake wa pekee wenye plagi za BNC. Waya huo unatakiwa uwe wa omu 75. Jambo la kukera ni kwamba waya wa antena ya TV ni wa omu 75, unapatikana duka lolote la umeme, na ukifungwa plagi sahihi unafaa kabisa. Udharau. Tafuta ule wa redio koli, wa omu 50. Plagi inaingia vizuri tu, na mawimbi yatagonga mwisho na kurudi yalikotoka. Ukiunganisha vyombo kwa mnyororo, ni cha mwisho peke yake kinachotakiwa kufungiwa kizibo cha omu 75. Funga kwenye vyote, ishara iishiwe nguvu njiani. Au usifunge popote. Zote ni njia halali za kufika pale pale.

Na ikiwa una konveta moja tu, nunua saa ya nje. Ziko hata za rubidiamu, za atomu kabisa, ambazo kwa usahihi wa miaka zinaipita fuwele mbali sana. Konveta haijali miaka. Inajali kama mpigo huu na ule unaofuata imeachana sawasawa, na kwa kazi hiyo fuwele iliyo sentimita chache tu kutoka ilipo kazi yenyewe ina faida ambayo waya mrefu hauna. Mwaka 2010 jarida la Uingereza la Sound On Sound lilipima jambo hili, na matokeo hayakuwafurahisha wauza saa. Usilisome kabla ya kulipa.

Sasa kiwango. Muziki wa CD ni 44.1 kHz, namba ya ajabu iliyorithiwa kutoka enzi ambapo sauti ya dijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video: namba 3 kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Video na filamu zinatumia 48. Rekodi kwa 44.1, kisha piga faili hilo kwenye mashine inayodhani ni 48. Wimbo wa dakika 4 utaisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na sauti zitapanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwalimu akishangaa, mpongeze kwa sopano zake.

Au chagua 96 kHz kwa ajili ya hadhi. Waya ule wa mwanga unaobeba njia nane kwa 48 utabeba nne tu. Maiki za besi zitatoweka. Besi wenyewe watabaki, wakiimba kwa moyo.

Upande wa kutokea ni mwepesi. Mahali pa kuchagua nguvu ya sauti, +4 ya studio au -10 ya nyumbani, chagua +4, kisha ingiza sauti kwenye redio ya sebuleni: tofauti ni kama desibeli 12, na itasikika ikikwaruza kwa heshima zote. Tundu la mwanga nalo linaweza kutoa njia mbili kwa mfumo wa S/PDIF au nane kwa mfumo wa ADAT, tundu lile lile, plagi ile ile. Upande wa kwanza uweke hivi, wa pili vile, upate ukimya mtupu au mngurumo.

Mteja akiuliza hiyo tik ni nini, muulize nani hakuzima simu. Akisisitiza sana, mpeleke nje akanywe soda. Akiwa huko, weka konveta INT, kadi ifuate waya wa mwanga kutoka kwenye konveta, zote mbili 48, bandua seloteipu, subiri kitaa kitulie. Inachukua dakika moja. Mwandikie saa mbili.