Mtani Hanuniwi

Utani wa makabila ni ruhusa ya kumsema mtu vibaya usoni, mchana kweupe, mbele ya wakwe zake, naye akakosa haki ya kununa. Ruhusa hiyo haipatikani kwa urafiki wala kwa kuzoeana. Mtu huzaliwa nayo. Mchaga na Mpare ambao hawajawahi kuonana, wakishajuana tu makabila kwenye foleni ya benki, wanaweza kuanza palepale kuitana mwizi na bahili, na mlinzi asiyejua kinachoendelea akaanza kusogea. Wapare wawili waliokulia mtaa mmoja hawana uhuru huo. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na orodha ya nani anamtania nani haijabandikwa ukutani popote. Mwenyeji huijua kwa kuisikia nyumbani. Mgeni huijua kwa ajali.

Asili ya utani husimuliwa kwa njia nyingi, ila vita na misafara havikosekani. Wangoni walifika kusini mwa Tanzania ya leo katika karne ya 19 wakitokea Afrika Kusini, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 wakapigana na Wahehe mapigano makali ambayo hakuna upande ulioyamaliza kwa ushindi. Baadaye wakawa watani. Watu waliouana hawawezi kuketi mkeka mmoja kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini wanaweza kuketi wakitupiana vijembe. Njia ya misafara ilizaa utani wa aina nyingine. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo alikuwa safarini kwa wiki nyingi, akipita kwenye ardhi ambako hakuwa na shangazi wala mjomba. Akiugua njiani alihitaji mtu wa kumpa uji. Akifa, alihitaji mtu wa kumzika. Mtani wa Kizaramo ndiye aliyekuwa bima yake, na ada ya bima hiyo ilikuwa kukubali kuchekwa.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuuandikia utani wa Tanganyika makala ndefu alikuwa R. E. Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege. Huenda kazi hiyo ilimwandaa vizuri kuliko inavyodhaniwa, maana aliyezoea kusikiliza nani anamlilia nani kichakani hapati tabu kuandika kwamba watu wa kabila fulani wakikutana na wa kabila fulani hupiga kelele. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameeleza kwamba uhusiano wa namna hii huota pale ambapo watu wameunganishwa na jambo moja na kutenganishwa na jingine. Ugomvi kati yao huzuiwa ama kwa heshima iliyopita kiasi ama kwa dhihaka iliyopita kiasi. Kwa hiyo mwanamume anayejibanza nyuma ya mgomba ili asikutane na mama mkwe, na yule anayempokonya mtani wake kofia sokoni, wanafanya kazi moja.

Maneno yenyewe ya utani hayana upya wowote, na wala hayatakiwi kuwa nao. Mpare huambiwa kwamba yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mchaga husemwa kwamba njia ya kuthibitisha kifo chake ni kuangusha sarafu karibu na sikio. Mhehe huulizwa habari za nyama ya mbwa kila anapokaribishwa chakula, na hujibu kwa kumtazama aliyeuliza kuanzia mguuni hadi kichwani kama mtu anayekadiria kilo. Hakuna anayedai ushahidi. Kosa la kwanza la mgeni msomi ni hilo la kudai ushahidi: husikia mzaha wa ng'ombe na kuku, akauliza kwa upole kama kuna takwimu za mahakama, na mazungumzo yakafa hapo hapo.

Mtani ana haki pia ya kuchukua: soda iliyofunguliwa, kuku aliyejipitisha, kofia, nafasi ya mbele kwenye gari. Sharti ni kwamba achukue mbele ya macho ya mwenyewe na kwa makelele. Akichukua kimyakimya ameiba. Mwenye mali akikasirika, yeye ndiye mwenye makosa, na anaweza kutozwa faini na wazee walewale aliowakimbilia kushtaki.

Utani hufika kileleni msibani. Wakati wafiwa wamekaa chini ya turubai wakinong'ona, mtani huingia akilia kwa sauti inayozidi ya mjane, kisha katikati ya kilio akaanza kumdai marehemu shilingi elfu mbili. Huvaa koti la marehemu. Huigiza mwendo wake, kikohozi chake, na namna alivyokuwa akikwepa kulipa bia. Kaburi likishachimbwa hushuka ndani, akajinyoosha, akasema amepapenda na hatoki mpaka alipwe. Jeneza linasubiri juani. Mchungaji anatazama saa, na ikiwa ni shehe, anatazama jua. Wafiwa wanaanza kupapasa mifuko, bei inapatanwa kutoka chini ya ardhi, na mtoto wa marehemu, ambaye tangu jana hajameza kitu, anajikuta anacheka ndani ya khanga.

Kisha mtu huyohuyo huchukua sepetu. Watani ndio hushika kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo, au wamekatazwa na mila kuzigusa. Wanaanthropolojia walioandika katika miaka ya 1960 juu ya Waluguru na Wakaguru walionyesha kwamba kazi za kushughulikia mauti na kuisafisha nyumba baada yake zilikuwa za mtani. Anayemkejeli maiti, basi, ndiye anayeteka maji, anayepasua kuni na anayehakikisha mjane amekula. Upande huu mgeni huukosa, kwa sababu kwa kawaida amekwisha kuondoka.

Mgeni wa Ulaya aliyekuja kumzika baba wa mfanyakazi mwenzake huvaa suti nyeusi na kujiandaa kwa ukimya. Anapomwona mtu amelala kaburini akidai pesa, hudhani ni mlevi, na akiwa mtu wa msaada hujaribu kumtoa. Hilo husameheka. Lisilosameheka kirahisi ni la mgeni wa aina ya pili, yule aliyekwisha kukaa mwaka mzima, akaelezwa utani, akaupenda. Huyu hufika kwenye msiba unaofuata na yeye akamwigiza marehemu kikohozi. Turubai zima hunyamaza. Maneno aliyatamka sawasawa, pengine hata kwa lafudhi nzuri kuliko mtani mwenyewe, ila hakuwa na kibali cha kuyatamka. Dhihaka iliyomliwaza mfiwa ilipotoka kwa Mzaramo imekuwa tusi kamili ilipotoka kwa mtu ambaye babu zake hawakupigana na mtu yeyote wa hapo wala kubeba mzigo wowote kupita hapo.

Ajali kama hizo si za Wazungu peke yao. Mkenya aliyepanda daladala Dar es Salaam anaweza kuulizwa na jirani yake wa kiti, kabla hata ya kupita vituo viwili, "Wewe kabila gani?" Swali hilo humfikia likiwa limebeba uchaguzi wa 2007, damu iliyomwagika baada yake, na sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008, ambayo huifanya kauli ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Anashika mkoba vizuri na kujibu, "Mimi Mkenya." Aliyeuliza anasikitika kweli, kwani alikuwa akitafuta mtani wa kumlipia nauli. Kuna kichekesho cha kiserikali ndani ya jambo hili. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya 1967, lakini raia wake huuliza kwa sauti garini. Kenya iliuliza katika sensa ya 2019 na kuchapisha hesabu ya kila kabila, lakini raia wake wakiulizwa na mtu wasiyemjua hutazama dirishani. Mtanzania naye akifika Nairobi na kumtania mwenyeji kwa kabila lake hugundua kwamba mizaha ya aina hiyo, ambayo Wakenya huilipia kiingilio na kuiangulia vicheko ukumbini, haifai kutolewa bure na mpita njia.

Ndani ya ukoo utani una mipaka mingine. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", akalalamika kwamba ameachwa alale njaa, na kumtisha kuwa ataoa mwingine. Bibi humwita mjukuu huyohuyo "mke mwenza" na kumwonya asimwibie mume. Kila aliyelelewa hivyo hujua kwamba hapo mtoto anafundishwa kujibu, na kwamba ni kwa babu peke yake anakoweza kujibu bila kuchapwa, maana kwa baba hathubutu. Shida huanza pale mtoto wa miaka saba anayeishi Ulaya anapomweleza mwalimu wake, kwa fahari, kwamba mume wake ana miaka sabini na mbili na anamsubiri Morogoro wakati wa likizo. Wazazi huitwa shuleni. Maelezo yao huwa ya kweli tupu, na kadiri wanavyoyarefusha ndivyo yanavyozidi kutisha.

Simu nayo imeongeza balaa. Utani unahitaji uso, sauti na mashahidi. Ukiandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi unabaki maneno matupu, na maneno matupu ya utani ni matusi. Anayeyasoma saa nane usiku bila kujua nani ni mtani wa nani huyapiga picha na kuyapeleka kwa ofisa utumishi, ambaye naye, ikiwa ni Msukuma na mtuhumiwa ni Mzaramo, anapata kazi ngumu ya kusikiliza malalamiko bila kuchangia.

Utani si mali ya Tanzania pekee. Zambia, Wangoni wanaitwa wala panya na Wabemba, nao huwaita Wabemba wala nyani, na chanzo kinachotajwa ni vita vya karne ileile ya 19. Nchini Mali, mtu wa ukoo wa Traoré humtambua Diarra kwa jina tu na kumtuhumu kula maharage, tuhuma ambayo Mtanzania hawezi kamwe kuuelewa uzito wake. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mijini kumezuka utani usiohitaji babu. Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba iliyoanzishwa 1936 huitwa na magazeti "watani wa jadi", na kweli Jumatatu baada ya mechi mshabiki wa timu iliyofungwa huvumilia mengi kazini kuliko Mpare yeyote.

Utani wa kale, kwa upande wake, unatatizwa na ndoa. Mtoto wa baba Mpare na mama Mchaga ni mpwa wa wajomba zake na pia ni mtani wao. Mjomba akifariki, haijulikani kama alie au adai pesa. Kwa kuwa ukoo hufuata baba, upande mmoja wa turubai husema kijana ni Mpare halisi na alipwe chake. Upande wa pili husema mpwa ni damu ya hapo, kwa hiyo aandikwe kwenye daftari la wachangiaji na aanze na elfu hamsini. Wanaume wazima hubishania hilo kwa saa nzima, wakitajana ubahili na wizi kwa sauti ya juu, huku kijana mwenyewe amekwisha kukabidhiwa sepetu na anachimba.