Yafananayo na ya Kwetu

Aendaye ugenini hujihadhari na mambo asiyoyajua, na mambo hayo aghalabu hayamdhuru, kwa kuwa huyaendea polepole na kwa kuuliza. Yamwangushayo ni yale yafananayo na ya kwao, ambayo huyakumbatia kama ndugu waliopoteana. Hayo niliyahakikisha Ujapani, ambako tangu mwaka 1987 serikali imekuwa ikialika vijana wa mataifa mengi waje kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule za umma, nami, mtoto wa Mombasa niliyelelewa kwa wali na samaki, nikajaliwa kuwa miongoni mwao na kupelekwa katika mji mdogo wa wavuvi.

Niliwasili mwezi wa Agosti, na joto lilikuwa la kwetu hasa, la unyevu na jasho, hata moyo wangu ukatulia. Shule zilikuwa zimefungwa. Kwetu shule ikifungwa mwalimu naye hujifungia kwake. Huko walimu waliendelea kuja kila asubuhi, nami nikapewa meza katika chumba chao, nikawa nakaa kutwa nzima mbele ya meza isiyo na karatasi hata moja, nikijitahidi kuwa na uso wa mtu aliyezongwa na shughuli, kazi ambayo nathubutu kusema ni nzito kuliko kufundisha.

Maskani yalipatikana, na mwenye nyumba, ghairi ya kodi na amana, alistahiki kwa desturi yao malipo mengine ya kumshukuru, ambayo hayarudi kamwe. Nami niliyezoea kwamba shukrani hutolewa kwa mdomo nikayatoa kwa noti. Baada ya hapo ikaja zamu ya benki. Jina langu, likifuatana na la baba na la babu kama ilivyo ada yetu, halikuenea katika visanduku vya fomu, na karani, kwa masikitiko makubwa na kwa kuinama mara kadhaa, akamkata babu yangu katikati. Bahati mbaya kitambulisho nilichopewa na serikali kilikuwa na babu mzima, kwa hiyo ikadhihirika kwamba mtu wa fomu na mtu wa kitambulisho si mmoja. Fauka ya hayo benki ilitaka nambari ya simu, na duka la simu, nilipokwenda, likataka hesabu ya benki. Nikawa msafiri wa baina ya milango miwili iliyo mtaa mmoja, hadi mwalimu mmoja, Mungu amjazi heri, aliponiazima nambari yake.

Shuleni nilifurahi kuona kila aingiaye anavua viatu mlangoni, akapewa sapatu za ndani, na chooni akakuta nyingine za huko tu, mithili ya mitalawanda ya bibi zetu. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa kwetu. Lakini sapatu za wageni zilikuwa zimekatwa kwa mguu wa Kijapani, na kisigino changu kilibaki nje chote. Siku ya kufungua muhula, nilipokuwa nikipanda jukwaani kujulishwa kwa wanafunzi, moja ilinichomoka ikaruka, ikatua mbele ya mkuu wa shule. Mzee wa watu akainama kuiokota; nami, nikidhani ananisalimu, nikainama kwa taadhima; naye, kwa kuwa kwao salamu hairudishwi kwa deni, akaacha sapatu akainama zaidi. Tukaheshimiana hivyo kwa muda, sapatu ikiwa chini baina yetu, na wanafunzi wote, kwa malezi yao mema, hawakucheka ila mabega.

Chakula cha adhuhuri kiligawiwa darasani na watoto wenyewe, wamevaa kofia na aproni nyeupe, mwalimu na mwanafunzi wakila sawa. Siku za nguruwe nilijua mapema, kwani orodha ya mwezi mzima ilitolewa, nami nilikuja na changu. Wali niliupokea kwa shangwe, nikakuta hauna nazi wala chumvi. Na chai ikaja, haijaonja sukari tangu izaliwe. Baada ya kula, shule nzima ikafagiliwa. Kwetu pia wanafunzi hufagia, na mwalimu husimama akiwaonyesha vumbi lilipo. Huko mkuu wa shule mwenyewe alishika kitambaa akapiga magoti, nikabaki peke yangu wima, nikionyesha.

Basi wewe utakayeitwa kazi kama hiyo, usijitaabishe sana kuuliza habari za matetemeko ya ardhi na herufi zao maelfu, maana hayo utafundishwa na kila mtu. Uliza habari za wali, viatu na ufagio, ambazo hakuna atakayekueleza kwa kudhani unazijua. Na katika sanduku lako tia sapatu za kipimo chako, na sukari.