Taji Kubwa, Taji Dogo

Wewe mwenzangu unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, sogea nikusimulie. Hapa Busunzu nina pacha, Bukuru na Butoyi. Hadi leo nikiwaita kwa haraka nawachanganya, na mama yao hunicheka mbele ya wageni. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutambua sarafu.

Sarafu yenyewe ni ya mama mkwe. Kwa siri tunamwita Benki Kuu, maana pindo la kitenge chake halifunguliwi bila kikao. Miaka yote ameitumia kufunikia mdomo wa chupa ya asali, sisimizi wasiingie. Shemeji yangu Profesa (aliishia kidato cha pili, ila bando halimwishii) akaigeuza, akaona taji, 1916, na herufi T chini. Ukelele alioupiga ulitawanya kuku.

T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa wameziba bahari, pesa ya Mjerumani aliyetutawala haifiki. Basi ikagongwa hukohuko Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba ya njano au nyekundu. Yetu ni ya heller 20. Heller 100 ndiyo rupia moja. Kigoma ilikwisha kutwaliwa na Wabelgiji Julai, na Septemba wakaingia Tabora yenyewe. Pesa ikakosa mwenyewe.

Profesa akasema utamu uko kwenye mihuri iliyozigonga, kwani muhuri haukuwa mmoja. Kuna taji kubwa na taji dogo. Upande wa pili, penye neno HELLER, kuna L zenye ncha kali, kuna zilizojikunja, na kuna sarafu ambazo ni L ya pili tu iliyojikunja. Baadhi ya michanganyiko hiyo hupatikana kwa taabu sana. Mwanamume mzima nikalala kifudifudi uani, tochi ya simu mkononi, nakagua mkia wa herufi.

"Zote zimejikunja," nikasema.

"Kali zote," akasema Profesa.

Mama Bukuru akapita na ndoo kichwani, akatupa jicho moja. "Taji kubwa. L ya pili imejikunja, ya kwanza haikujikunja. Kwani hamwoni?"

Tukabishana naye hadi ugali ukapoa. Kurudi uani, sarafu inang'aa kama jino la dhahabu: imesuguliwa kwa majivu na ndimu! Profesa akakaa chini. Wakusanyaji, akalia, hawaitaki iliyosuguliwa. Nikamgombeza Bukuru kwa ukali wote wa baba. Aliyeitika "abee" ni Butoyi.

Huku nyuma chupa ilikuwa wazi, na sisimizi hawakusubiri mwaliko. Benki Kuu akaitisha baraza usiku uleule. Ikaamuliwa sarafu irudi kazini, na asali nilipe mimi, chupa mbili. Mwandishi wa hukumu alikuwa Profesa.