Kauntabuku la Mama

Ugomvi wa kwanza wa eda ulikuwa juu ya uzi mwekundu. Baba alifariki Februari 2014, na Shangazi, dada yake mkubwa, akahamia kwetu Tandale, Dar es Salaam, kabla matanga hayajaanuliwa, na begi moja na masharti yake yote. Mjane hajipambi, hajitii manukato, havai vya kung'aa, hatoki bila dharura, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mama aliyakubali yote. Lakini alipovuta mfuko wa nyuzi kutoka chini ya kabati akaanza kufuma kitambaa cha kochi, Shangazi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, nyekundu hiyo."

"Nafuma, wifi. Sivai."

Kesi ikafika kwa ustadhi wa madrasa ya mtaani. Akasema mjane amekatazwa kujipamba, hakukatazwa kushughulisha mikono. Shangazi akaitika, ila donge jekundu likatoweka usiku uleule, tukaja kulikuta ndani ya ndoo ya mchele. Mama hakuuliza. Akashika la kijani.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uwani choo na jiko la wote. Vyumba viwili vyetu, vingine vya wapangaji: mama muuza vitumbua, fundi cherehani na wanawe, kijana wa bodaboda. Katika nyumba ya namna hiyo mfiwa haachwi peke yake, na hilo ni jambo jema ambalo sitaki kulibeza. Lakini kila aliyepita koridoni alibisha hodi, akakaa, akashika tama, kisha akasimulia msiba mwingine mzito kuliko wetu. Kufika magharibi Mama alikuwa amezika watu watano. Kufuma kulimwokoa hapo. Mtu anayehesabu matundu ya kitambaa anaruhusiwa kutojibu, na mgeni haoni kama amedharauliwa.

Mchana, nyumba ikitulia baada ya adhuhuri, alisoma. Kitabu kilikuwa cha Baba, kimekatika jalada: *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert. Mzee yule wa Tanga, aliyezaliwa 1909 na kufa 1962, anaeleza humo alivyofiwa na mkewe Amina akabaki na watoto wa kulea, na humo zimo tenzi alizowatungia, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Siku moja Mama alinishika mkono nikipita na sinia.

"Kumbe mwanamume naye hulala kitanda hichohicho akakiona kipana," akasema, akarudi kwenye ukurasa wake.

Usiku alifanya jambo la tatu, na hilo hatukulijua.

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Ikwiriri na mzigo wake wa miyaa. Alikaa upande wa pili wa chumba akisuka ukili wa mikeka, naye na mkwewe hawakusemezana ila kwa salamu. Bibi ni mtoto wa kisomo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa mama wa watoto, na miaka iliyofuata akaketi chini ya mwembe na kina mama wenzake wakiimba silabi ubaoni. Alijifunza kusoma kwa sauti, kidole chini ya neno, na hakupata kusoma kwa namna nyingine. Ukimpa gazeti, mtaa mzima utasikia habari.

Mvua ikaja Aprili. Anayekaa Tandale anaujua Mto Ng'ombe. Miaka hii umejengewa kingo za zege katika DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, lakini wakati ule ulikuwa na udongo, takataka na hasira zake. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana tangu 1954, na watu wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sisi tulibaki, tukainua vitanda juu ya matofali na kuweka viroba vya mchanga mlangoni. Usiku ule wa Aprili maji hayakupita mlangoni. Yalipanda kupitia shimo la choo, yakaingia uwani, yakashika korido.

Yalipofika magotini Mama alikuwa juu ya kitanda, miguu ameikunja, sufuria kubwa mapajani na mfuniko wake. Ndani aliweka msahafu, kitabu na nyuzi.

"Sitoki," akasema. "Nipo eda."

"Wifi, maji!" Shangazi akapiga kelele. Mwanamke aliyeficha uzi kwa ajili ya sheria sasa alikuwa akimsihi mjane atoke nje usiku wa manane. "Maji ni dharura! Mwulizeni ustadhi!"

Simu ikapigwa. Ustadhi naye alikuwa juu ya meza kwake. "Mtoeni mama huyo haraka," akasema, simu ikakatika.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyetuongoza. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walipozunguka na vijana wa mtaa kuchora ramani ya Tandale, mfereji kwa mfereji na bomba kwa bomba, naye alizunguka nao, basi alijua kichochoro gani kiko juu kwa hatua mbili. Tukapita hapo kwa mstari, Mama katikati amejitanda shuka, sufuria kichwani, mpaka nyumba ya jirani iliyo mwinukoni. Njiani aligeuka mara tatu kutazama nyuma. Nilidhani anamlilia Baba.

Asubuhi maji yalishuka yakaacha tope. Mama alibaki kwa jirani kuendelea na eda yake, sisi tukarudi kuchota na kudeki. Shangazi alipoinua godoro lililolowa ndipo alipokuta kauntabuku, jalada gumu, limevimba. Hakulisoma. Nataka hilo lijulikane. Aliwahi kufanya kazi ya masjala na anajua kwamba daftari lililolowa likikauka limefungwa, kurasa zinagandana. Akachukua wembe, akakata nyuzi za mgongo, akazianika kurasa moja moja kwenye kamba ya uwani kwa vibanio vya nguo. Wino wa kalamu ulikuwa ule mzito wa mafuta, haukutoka hata nukta. Kisha akarudi kwenye tope lake.

Nilikuwa chumbani na ndoo niliposikia sauti ya kisomo.

"Ma-ma wa vi-tu-mbu-a ka-ni-pa vi-wi-li. Ka-se-ma vi-me-ba-ki." Bibi alikuwa kwenye kamba, kidole juu ya karatasi. "Ha-vi-ku-ba-ki. Ni-li-msi-ki-a a-ki-wa-a-mbi-a wa-te-ja vi-me-kwi-sha."

Mifagio ilisimama. Mama wa vitumbua akaziba mdomo kwa kanga. Bibi akahamia ukurasa wa pili. Ukasema kijana wa bodaboda hajalipa kodi, lakini tangu msiba hajafungua redio hata mpira ukichezwa. Wa tatu ukasema wifi huingia chooni kumlilia kaka yake, hufungulia bomba tusimsikie, na sisi tunamsikia. Kila usiku Mama alimwandikia Baba habari za nyumba yake: nani kaleta nini, mchele umefika bei gani, deni lipi limelipwa.

"Ma-ma-ko," Bibi akasoma, "a-na-ni-ta-za-ma ka-ma mi-mi ndi-ye ni-li-ye-ka-ta-a ku-fa ba-da-la ya-ke."

Aliifikia maana akiwa amekwisha kuitamka. Alisimama kidogo. Akabanua kibanio, akaikunja karatasi, akaitia kwenye kibindo cha kanga, akaingia ndani.

Mama aliporudi alikuta kurasa zimepangwa na kufungwa vizuri, na wapangaji wamebadilika. Kodi ililetwa. Vitumbua vikaja vya moto, na mwenyewe akasema waziwazi, "Nimekukaangia wewe, dada." Mama si mtoto. Alikaa siku nzima bila kufuma, bila kusoma, bila kula, na hasira yake ilikuwa ya haki. Nyumba ile yote ilikuwa ya watu, na yeye alikuwa na kurasa zile tu za kwake peke yake.

Jioni Bibi alivuka chumba, akaiweka karatasi mapajani mwa Mama.

"Nimeisoma mimi. Kwa sauti. Na uliyoyaandika ni kweli, nilikuwa nakutazama hivyo."

Mama hakujibu.

"Nifundishe kusoma kimya," Bibi akasema.

Wakaanza kesho yake kwa kitabu cha Shaaban Robert. Midomo ya Bibi ilikataa kutulia, hivyo Mama akampa jani la mwaa alibane kwa midomo, kama wasukaji wanavyofanya mikono ikiwa na kazi. Jani likitikisika, anarudia mstari. Walikaa hivyo adhuhuri baada ya adhuhuri, mmoja na jani, mwingine na kitambaa, na Shangazi akawa analinda mlango dhidi ya wageni. Wiki moja baadaye donge jekundu likarudi mfukoni, na hakuna aliyesema neno.

Eda ilikwisha Juni. Mama alitoka mwenyewe kwenda kununua makauntabuku mawili, moja akampa Bibi, tukamsindikiza Mbagala kupanda basi la Rufiji. Kabla ya Ramadhani konda akatuletea bahasha, ndani ukurasa mmoja wenye herufi kubwa za ubaoni. Ulihusu kuku watatu walioibwa, bei ya miyaa, na amri kwamba majibu yaandikwe marefu. Mama alijibu kurasa nne.