Siku ya Nne ya Popi

Mtaa mmoja wa Tanga, jioni. Mbwa kafungwa mnyororo chini ya mwembe. Getini kinaning'inia kibao cha bati; herufi ya kwanza imeliwa na kutu, yamebaki maneno BWA MKALI.

POPI: Shikamoo, babu.

KIBAO: Marahaba, mjukuu wangu. Kifungo kinakwendaje?

POPI: Leo siku ya nne. Zimebaki sita.

KIBAO: Siku 10 nzima kwa kumng'ata fundi wa maji! Mimi nilishamtangazia. Mtu akinisoma akaingia, kajitakia mwenyewe. Ndivyo sheria ilivyo.

POPI: Sheria ipi, babu?

KIBAO: Yangu.

POPI: Mbona afisa mifugo alikupita bila kukutupia jicho? Alimuuliza Bwana jambo moja tu: kadi ya chanjo iko wapi?

KIBAO: Akajibuje?

POPI: Kwanza alinikana. Eti mimi ni koko, nazurura tu. Akanifukuza, nikaja kumlalia miguuni. Watu wakaangua kicheko. Ndipo akakumbuka kwamba kadi imo kabatini, ila ufunguo kaondoka nao shemeji.

KIBAO: Shemeji yupi?

POPI: Hata mama mwenye nyumba aliuliza hivyo hivyo.

KIBAO: Lakini mwaka jana, ile tarehe 28 Septemba, si gari la matangazo lilipita hapa? Chanjo ya mbwa bure, uwanja wa shule.

POPI: Lilipita. Bwana akasema foleni ndefu, na hata hivyo kibao kipo.

KIBAO: Kumbe miaka yote hii mimi ndiye chanjo!

POPI: Vijana walikuja na mawe wanimalize. Afisa akawazuia. Mbwa mwenye kichaa, mate yake yakishaweza kuambukiza, ndani ya siku 10 ataonyesha dalili au atakufa. Nikifika siku ya 10 nakula na kubweka kama kawaida, fundi atashusha pumzi. Wangeniua, ingebidi kichwa changu kisafirishwe maabara.

KIBAO: Wewe ndiye mahabusu, na shahidi ni wewe huyohuyo.

POPI: Na posho ya shahidi ni ukoko wa ugali.

KIBAO: Sasa fundi naye akae tu akihesabu siku?

POPI: Thubutu! Kichaa kikishampanda binadamu, hakuna dawa. Kidonda kilitakiwa kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha sindano siku hiyohiyo, siku ya 3, ya 7, na kuendelea. Hapa getini walimmwagia mafuta ya taa.

KIBAO: Bomba si hilo hapo?

POPI: Alikuwa ameshalikata.

KIBAO: Lo!

POPI: Akaoshewa kwa jirani. Mjumbe naye, damu haijakauka, akashauri yaishe kwa elfu tano ya soda.

KIBAO: Sindano zalipiwa na nani?

POPI: Mwenyekiti wa mtaa anasema mwenye mbwa. Bwana anasema ni mimi niliyeng'ata, si yeye.

KIBAO: Una pesa?

POPI: Nina kupe.

KIBAO: Aa! Hawa watoto na chaki zao wananitekenya. Wananiandika nini?

POPI: Wamebana herufi mbili pale baada ya BWA. N… halafu A.

KIBAO: Sasa nasomekaje?

POPI: Nyamaza, babu. Mwenyewe huyo anakuja.